Mtoto wangu yuko kwa bibi yake: maswali ya wazazi wanaotaka kumrudisha nyumbani

Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria katika kata moja mkoani Morogoro. Mzazi akiketi mbele yangu, mara nyingi neno la kwanza ni hilo hilo: "Mtoto wangu yuko kwa bibi yake, nimeenda kumchukua wamekataa." Wengine walikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wengine Oman. Wengine waliugua, waliachika, walifungwa, au walipata mimba wakiwa shuleni na mama zao wakabaki na mjukuu ili wao wasome. Mimi pia nilimwacha binti yangu kwa mama yangu Kilosa akiwa na miaka miwili, nikaenda kumchukua akikaribia saba. Ninayoyaandika hapa ni majibu ninayoyatoa kila wiki, na mengine ni yale niliyotamani mtu aniambie mimi.

Majibu haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya nimezitaja karibu na mwisho.

Nilimpeleka mwenyewe, kwa hiari yangu. Je, kisheria nimeshampoteza?

Hapana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na jukumu la malezi imeliweka kwa wazazi. Inapozungumzia ndugu kubeba jukumu hilo kwa amri ya mahakama au kwa taratibu za kimila, inazungumzia mtoto ambaye wazazi wake wamefariki. Hakuna kifungu kinachosema mtoto akilala kwa bibi miaka mitano anakuwa wa bibi.

Ila kabla ya hatua yoyote, jua bibi ameshika nini mkononi. Kama mtoto aliasiliwa kwa amri ya mahakama, hilo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kuasili kunakata haki za mzazi wa mwanzo. Kama bibi ana amri ya mahakama ya kukaa na mtoto, utalazimika kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe. Kama alichonacho ni karatasi mliyoandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa, hiyo haina nguvu ya amri ya mahakama. Itasomwa kama ushahidi wa mlichokubaliana, basi.

Kwa hiyo naweza kwenda tu nikamchukua?

Usifanye hivyo. Najua hasira ilivyo unapofika kwa mama yako mzazi na mkungu wa ndizi mkononi, ukaambiwa mtoto amelala, rudi kesho. Nimemwona baba mmoja aliyemsubiri mwanawe nje ya shule, akampandisha bodaboda na kwenda naye mji mwingine. Bibi alikwenda polisi kuripoti mtoto ameibwa. Mtoto, ambaye baba yake alikuwa hajamwona kwa miaka mitatu, alikataa kula. Shauri lilipofika mahakamani, siku ile moja ndiyo iliyojadiliwa kuliko miaka yote ambayo baba alikuwa akituma fedha.

Sheria inakataza kumwondoa mtoto kwa mtu anayekaa naye kihalali. Hata kama hakuna amri yoyote na una haki zako zote za mzazi, hakimu atauliza kwa nini ulichagua njia ya kunyakua ilhali ofisi ya ustawi wa jamii ipo. Polisi nao usiwatume kumchukua mtoto kwa niaba yako. Kazi hiyo si yao bila amri ya mahakama, labda mtoto awe hatarini.

Nianzie wapi basi?

Anzia kwenye ukoo, lakini usiende peke yako, na usiende na mtu ambaye bibi hampendi. Tafuta mtu ambaye neno lake linasikika kwa pande zote: mjomba, shangazi, mzee wa kanisa, imamu. Waambie kinaga ubaga umebadilisha nini tangu ulipomwacha mtoto. "Sasa nina chumba na sebule, nauza chakula, shule iko dakika kumi" ni maneno yanayosikika. "Ni mwanangu, nampenda" bibi anaijua, na haimwondolei hofu.

Nisimame hapo kwenye hofu ya bibi. Wazee wetu wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na bibi ndiye aliyeifanya hiyo kazi. Alimkesha akiwa na homa, alikwenda vikao vya shule, aligawana naye uji. Wengi ninaowaona hawamzuii mtoto kwa ubaya. Wanaogopa atateseka kwa baba wa kambo, ataachishwa shule, au atarudishwa baada ya miezi sita akiwa amekonda. Mzazi anayeijibu hofu hiyo kwa vitendo humaliza mambo sebuleni.

Mkishindwana, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakoishi mtoto. Huduma yake hulipii. Atawaita wote, atasikiliza, na mkikubaliana ataandika makubaliano yenye tarehe na namna mtoto atakavyohama. Mkikwama, shauri linakwenda mahakamani, na maandishi yake yataonyesha kwamba ulijaribu njia ya amani.

Bibi anasema nilipe kwanza gharama za malezi, la sivyo mtoto hatoki.

Mtoto hawekwi rehani. Ni kweli kwamba ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba mahakamani mzazi aamriwe kutoa matunzo. Kama hukutuma kitu kwa miaka minne, hoja ya bibi ina uzito na usiidharau. Lakini hilo ni dai lake dhidi yako. Halimpi haki ya kumzuia mtoto mpaka deni liishe, na hakuna hakimu atakayetoa mtoto kwa stakabadhi ya malipo.

Ushauri wangu binafsi: kama una uwezo, toa kitu, hata kama sheria haikulazimishi leo. Mlipie bati, mnunulie godoro, mkatie bima ya afya. Na usilipe "kumkomboa" mtoto huku mmeandikiana, kwa sababu karatasi kama hiyo inamfanya mtoto aonekane aliuzwa na kununuliwa.

Mahakama ipi inasikiliza mashauri haya?

Mahakama ya Watoto, iliyoanzishwa na Sheria hiyo ya 2009 na kuongozwa na Kanuni za mwaka 2016. Dar es Salaam iko Kisutu. Katika wilaya nyingi haina jengo lake, hutumia majengo ya mahakama zilizopo, na anayesikiliza ni hakimu mkazi. Mlango haujazwi watazamaji: wanaingia wahusika, mashahidi na afisa ustawi wa jamii. Kama shauri lenu limefungamana na talaka kati yako na mzazi mwenzio, suala la mtoto linaweza kuamuliwa humo humo chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971.

Wewe utakuwa mwombaji na bibi atakuwa mjibu maombi. Utawasilisha maombi, yeye atapewa wito na nafasi ya kujibu, na mara nyingi hakimu ataagiza ustawi wa jamii waende nyumba zote mbili na kuandika ripoti. Mashauri huahirishwa. Jiandae kwa nauli za kwenda na kurudi zaidi ya mara moja, na usikose hata tarehe moja.

Hakimu anaangalia nini hasa?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanakuja kuthibitisha kwamba wao ni wazazi, jambo ambalo kwa kawaida hakuna anayelibishia. Hakimu anaamua mtoto huyu atakua vizuri wapi.

Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinamwelekeza aangalie maslahi ya mtoto na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Kisha aangalie umri na jinsia ya mtoto. Kwamba ni vyema zaidi mtoto awe na wazazi wake, isipokuwa kama wazazi hao wanakiuka haki zake mara kwa mara. Maoni ya mtoto, kama ameyatoa kwa uhuru. Kutowatenganisha ndugu wa tumbo moja. Na haja ya malezi ya mtoto kuendelea bila kukatika.

Soma tena mambo mawili katika orodha hiyo. Lile la kwamba ni vyema mtoto awe na wazazi ni lako. Lile la malezi kutokatika ni la bibi. Shauri lako lote litakuwa kati ya hayo mawili. Sheria ya Ndoa nayo ina mvutano kama huo: inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba yuko pazuri zaidi kwa mama yake, lakini papo hapo inamtaka hakimu azingatie kwamba si vizuri kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Kwa hiyo kila mwezi unaokaa bila kumtembelea mtoto unaongeza uzito upande wa bibi, na kila likizo anayokuja kulala kwako inaupunguza. Nilipolielewa hili niliacha kuwashauri watu wakimbilie kufungua shauri. Siku hizi namwuliza mzazi kwanza: mara ya mwisho mtoto alilala kwako lini?

Umaskini peke yake haukunyimi mtoto. Nimeona mama anayeuza mihogo akimpata mwanawe kwa babu mwenye nyumba ya tofali na gari. Hakimu alitaka kujua mtoto atalala wapi, atasoma wapi, nani yuko nyumbani akitoka shule, na akiugua atapelekwa zahanati gani. Mama yule alijibu yote bila kusitasita.

Mtoto ataulizwa anataka kukaa na nani?

Mwenye uwezo wa kutoa maoni ana haki ya kusikilizwa. Sheria haikutaja umri maalumu, ni hakimu anayepima ukomavu wake. Mara nyingi hutokea faraghani, wewe na bibi mkiwa nje.

Nakuomba usimfundishe la kusema. Mtoto aliyekaririshwa hujulikana, na neno "kwa uhuru" limewekwa kwenye sheria kwa sababu hiyo. Zaidi ya hapo, unamtwisha mtoto wa miaka tisa mzigo wa kumkana aliyemlea. Akisema anataka kubaki kwa bibi, usimkasirikie na usidhani umeshindwa. Maoni yake ni jambo moja kati ya mengi yanayopimwa.

Nikusanye ushahidi gani?

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kama hana, anza mapema RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi. Kumbukumbu za fedha ulizotuma kwa simu. Kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala ya nyuma. Risiti za sare, madaftari, dawa. Barua ya serikali ya mtaa kwamba wewe ni mkazi na una mwenendo gani. Mkataba wa pango. Barua ya shule itakayompokea. Picha za ziara zenu. Jumbe za simu ulizoomba kumwona mtoto ukakataliwa, zenye tarehe.

Mashahidi wawili wanaoijua nyumba yako wanatosha. Jirani anayekuona asubuhi na jioni ana thamani kuliko mtu mkubwa asiyejua unaishi vipi.

Mimi ni baba. Hatukuoana, mama wa mtoto amefariki, na wakwe wanasema sikulipa faini wala mahari.

Pole kwa msiba. Hatua yako ya kwanza ni kuthibitisha uzazi, kama unapingwa. Mahakama hupokea jina lako kwenye kumbukumbu za vizazi, ushahidi kwamba ulimtambua mtoto hadharani au ulifanya mila za kumpokea, na majibu ya vinasaba. Kipimo cha vinasaba (DNA) kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na huendi tu dirishani kukiomba. Ombi hupitia mahakama, ustawi wa jamii au wengine waliotajwa na sheria.

Kuhusu faini na mahari: Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lina masharti kuhusu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa wa upande wa mama mpaka baba amhalalishe, na wazee wengi bado wanasimama hapo. Mahakama inaweza kuzisikiliza mila, lakini kinachotangulia ni maslahi ya mtoto. Ng'ombe ambao hawakutoka zizini mwako hawawezi kuwa sababu pekee ya mtoto aliyefiwa na mama kumkosa na baba. Hata hivyo, kama unaweza kwenda kwa heshima, ukapeleka unachoweza na kuzungumza na babu yake, nenda. Wale ni wajomba wa mwanao mpaka mwisho wa maisha yake. Kumbuka pia kwamba wao wamemzika binti yao, na huyo mtoto ndiye sura yake iliyobaki.

Niliwahi kuwa mlevi. Niliwahi kufungwa. Watanitolea hayo mahakamani?

Watakutolea. Yaseme wewe kwanza. Eleza lini, nini kilibadilika, na nani anaweza kuthibitisha. Hakimu anapima hali ya sasa, na mzazi anayeficha hujiharibia hata alipostahili.

Nimeolewa na mwanaume mwingine. Bibi hamwamini.

Mpeleke mumeo kwa bibi kabla ya kumpeleka kwa hakimu. Ustawi wa jamii watataka kuongea naye, na akisema "mimi sihusiki, ni mtoto wake", ripoti itaandika hivyo. Hakikisha mwenyewe, kwa moyo wako, kwamba mtoto atakuwa salama naye. Kama una shaka hata kidogo, mwache mtoto alipo mpaka uipate hakika. Hili nalisema kama mama.

Nadhani mtoto anapigwa au anatumikishwa huko aliko.

Hapo usisubiri vikao vya ukoo. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Mtoto akiwa na majeraha mpeleke hospitali na ufuate utaratibu wa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Lakini usitunge. Shutuma ya uongo dhidi ya bibi ikibainika, neno lako halitaaminiwa tena katika shauri zima, na mtoto ndiye atakayekuwa amehojiwa na watu wasiomjua kuhusu kitu kisichokuwepo.

Nikipewa mtoto, bibi atakatwa kabisa?

Sheria inamruhusu ndugu aliyekuwa akimlea mtoto kuomba kumwona kwa vipindi. Usingoje aombe. Pendekeza mwenyewe, ndani ya maombi yako: likizo ya mwezi wa sita na Desemba, simu kila Jumapili. Maombi yanayoanza na nafasi ya bibi husomwa kwa jicho jingine.

Na ukinyimwa, omba wewe haki ya kumwona mtoto, kisha itumie kila siku uliyopewa. Amri za malezi zinaweza kubadilishwa hali ikibadilika. Unaweza pia kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku ya uamuzi uliza karani muda wa rufaa na uombe nakala papo hapo.

Sisi ni Waislamu. Kadhi anaweza kuamua?

Kwa Bara, kadhi anaweza kuwasuluhisha, na suluhu yake ina baraka kubwa kwa familia nyingi, lakini si amri ya mahakama. Fahamu pia kwamba katika fiqhi (sheria ya Kiislamu) ya madhehebu ya Kishafii haki ya kulea huanza kwa mama na kufuatia kwa mama yake mama, na mama akiolewa na asiye jamaa wa mtoto haki hiyo huhama. Ndiyo maana bibi mzaa mama huweza kusimama imara mbele ya sheikh. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi zilizo rasmi na Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Usitumie majibu yangu ya Bara huko.

Na Kenya?

Huko kuna ibara ya 53 ya Katiba ya 2010, inayosema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza na kwamba wazazi wote wawili wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria inayotumika ni Sheria ya Watoto ya 2022, na pa kuanzia ni ofisi ya watoto ya kaunti ndogo.

Lazima niwe na wakili?

Hapana. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria na mashirika yaliyosajiliwa husaidia wasio na uwezo bila malipo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, ni kati ya wanaojulikana. Mtu akikuomba fedha "ya hakimu", ondoka ofisini kwake.

Nimempata. Lakini ananiita dada, na mama kwake ni bibi.

Binti yangu aliniita dada miezi minne. Usiku alikuwa akilia anataka kwa mama, na mama aliyemtaka alikuwa Kilosa. Nilikosea mwanzoni, nilimkataza kumwita bibi yake mama. Nikaona anaanza kunionea haya, anaomba ruhusa ya kunywa maji nyumbani kwake mwenyewe. Nikaacha. Nikampigia mama simu kila jioni, nikamwacha aongee naye kadiri anavyotaka, hata akilia.

Kama bado hujamchukua, panga uhamisho wake taratibu: wikendi mbili tatu kwako, kisha likizo nzima, kisha ahame mwanzo wa muhula, si katikati. Mwombe bibi ampeleke yeye mwenyewe kwako na alale usiku wa kwanza. Akija aje na shuka analolalia, hata kama limechakaa na umeshamnunulia jipya. Aje na kadi ya kliniki, ripoti za shule, na sahani yake kama anayo. Uliza anakula nini asubuhi, anaogopa nini usiku, anasali vipi kabla ya kulala. Mama yangu alinitajia mambo kumi na moja, nikayaandika nyuma ya daftari la shule. La saba lilikuwa kwamba hawezi kulala taa ikizimwa kabla hajasinzia.